Goma: Kabla ya kusema "ni mapenzi ya Mungu"

Volkano, mazuku na vita vimefanya swali gumu kuliko yote katika falsafa ya dini liulizwe Goma karibu kila watu wanapozika. Majibu ni mengi. Lakini jibu likitolewa kwa haraka linaweza kumficha mwenye kosa, au kumtwisha mzigo asiye na kosa.

Magharibi ya mji wa Goma, upande wa Bulengo, Lac Vert na Mugunga, kuna mabonde madogo ambamo wazazi hawataki watoto wao wacheze asubuhi. Ndani yake hakuna moshi wala kelele. Mbuzi anaingia kutafuta majani, na hatoki. Wakaaji wanaliita jambo hilo mazuku, na wengi wanaeleza kwamba ni upepo mbaya, upepo unaoua.

Mazuku ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka chini ya ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia mahali palipoinama. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, gesi hiyo hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Kwa sababu inakaa chini karibu na ardhi, mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali ambapo mtoto angeanguka. Mfupi ndiye anayekufa kwanza.

Kwa mtaalamu wa volkano, maelezo yanaweza kuishia hapo. Kwa mama aliyempoteza mtoto, hapo ndipo swali linapoanza. Kwa nini ardhi iliumbwa hivi? Kwa nini mtoto wake? Na Mungu, anayehubiriwa kila Jumapili kuwa ni mwema na mwenye uwezo wote, alikuwa wapi asubuhi ile?

Kwenye matanga, jibu huwa liko tayari: ni mapenzi ya Mungu, kazi ya Mungu haina makosa. Wanaolisema wana nia njema, wanataka kumfariji mfiwa. Lakini katika mji wa Goma jibu hilo linapita juu ya mambo mengine ambayo pia yanahitaji kuulizwa.

Tazama makambi. Katika miaka ya 2023 na 2024, vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23 vilipozidi, mamia ya maelfu ya watu kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo walikimbilia pembeni ya Goma. Walijenga vibanda vya mahema juu ya mawe meusi ya volkano. Baadhi ya makambi hayo, kama Bulengo, yalikuwa katika ukanda uleule wa mazuku. Mtoto akifa pale kwa gesi ya ardhini, ni nani aliyemwua? Ni ardhi iliyotoa gesi, au ni vita vilivyomtoa kijijini kwao na kumlaza juu ya ardhi hiyo?

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina maneno mawili kwa mambo haya. Kuna balaa au maafa, yaani mabaya yanayokuja bila mkono wa mtu: tetemeko, radi, volkano. Na kuna uovu au dhuluma, yaani mabaya ambayo mtu anamfanyia mwenzake kwa kusudi. Wanafalsafa wa dini nao hugawa hivyo hivyo, kwa sababu kila moja linahitaji jibu lake. Lakini Goma ni mji ambao maafa na dhuluma vimekaa chumba kimoja.

Swali la miaka zaidi ya elfu mbili

Swali lenyewe ni la zamani sana. Kwa desturi linahusishwa na Epicurus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alilirudia katika kitabu chake cha mazungumzo juu ya dini kilichotoka mwaka 1779. Kwa maneno mepesi ni hivi: kama Mungu anataka kuondoa mabaya lakini hawezi, basi uwezo wake una mpaka. Kama anaweza lakini hataki, basi wema wake una mashaka. Na kama anaweza na anataka, mabaya yanatoka wapi?

Mwaka 1955, J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, alilikaza zaidi. Alisema kwamba mtu hawezi kuamini kwa pamoja kuwa Mungu ana uwezo wote, kuwa ni mwema kabisa, na kuwa mabaya yapo, bila kujipinga mwenyewe. Moja kati ya hayo matatu lazima liachwe.

Waumini wengi wa Goma hawajawahi kusikia jina la Mackie. Lakini swali lake wanalijua, kwa sababu limeingia nyumbani kwao bila kubisha hodi. Mwezi wa saba mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliwafuata. Watafiti wa afya walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Ardhi ni mwamba mtupu, haichimbiki kwa jembe, na maiti zilikuwa zikilazwa kandokando ya barabara. Watu waliokuwa watoto wakati ule ndio wazazi wa leo.

Lisbon na Goma

Ulaya nayo ilipigwa na swali hili siku moja ya mwaka 1755. Asubuhi ya tarehe 1 mwezi wa 11, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa liliutikisa mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Makanisa yalikuwa yamejaa. Baada ya tetemeko ukaja moto, na bahari ikapanda juu ya mji. Walikufa watu makumi ya maelfu.

Kabla ya hapo, wasomi wengi walikuwa wameridhika na jibu la Leibniz, Mjerumani aliyeandika mwaka 1710 kwamba Mungu, kwa hekima yake, alichagua kuumba ulimwengu ulio bora kuliko yote iliyowezekana. Baada ya Lisbon, Mfaransa Voltaire alilikejeli jibu hilo, kwanza kwa shairi lake la mwaka 1756, kisha kwa hadithi yake Candide ya mwaka 1759.

Katika mji wenyewe, padri Gabriel Malagrida alitoa kijitabu mwaka 1756 akifundisha kwamba tetemeko lilikuwa adhabu ya dhambi, na kwamba kazi ya kwanza ya watu ilikuwa kutubu. Serikali ya Ureno, chini ya waziri ambaye baadaye alijulikana kama Marquis wa Pombal, ilichukua njia nyingine. Ilipeleka karatasi ya maswali katika kila parokia: ardhi ilitikisika kwa muda gani, nyumba ngapi zilianguka, bahari ilifanya nini. Wanasayansi huhesabu karatasi hiyo kuwa kati ya hatua za kwanza za elimu ya matetemeko. Malagrida mwenyewe aliishia vibaya: alinyongwa mwaka 1761, jambo linaloonyesha kuwa hata wapenda maswali wanaweza kuwa wakatili.

Jean-Jacques Rousseau naye alimwandikia Voltaire barua mwezi wa nane mwaka 1756. Hoja yake ilikuwa rahisi: si asili iliyorundika maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Tetemeko lilitoka ardhini, lakini sehemu kubwa ya vifo ilitoka katika namna watu walivyojenga na walivyoishi.

Mkaaji wa Goma anaweza kusoma barua hiyo kama habari za kwao. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ilipasuka ubavuni na moto wake ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa, kama makanisa ya Lisbon. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Lakini kati ya vifo vingi vya siku zile, makumi havikuletwa na mlima moja kwa moja. Vilitokea kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka wakati watu walipokuwa wakichota mafuta karibu na mawe ambayo bado yalikuwa na moto.

Jumamosi jioni, tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, mlima ulipasuka tena. Moto ulifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ukasimama. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na serikali ilikuwa ya watu 15. Tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Wawili ndio walioungua. Baadaye idadi ilipanda hadi watu 32 au zaidi. UNICEF ilisema zaidi ya watoto 150 walipotezana na familia zao. Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji ziondoke, na mamia ya maelfu wakatembea kwa miguu kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi.

Na chombo cha kuangalia mlima, OVG, kilikuwa katika hali gani? Msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa muda hata intaneti ya kupokea habari kutoka mitambo ya mlimani ilikosekana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo ufa ulikuwa unajulikana.

Hata hivyo, haki inataka habari yote isemwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mlipuko wa 2021 ulikuja bila dalili za kawaida zinazotangulia milipuko. Magma ilikuwa tayari iko karibu na uso wa ardhi, na mlima ukapasuka bila kuonya. Pengine hata chombo chenye pesa na mitambo yote kisingeweza kuwaonya watu kwa siku nyingi. Rousseau alikuwa na haki, lakini si yote. Baada ya kuhesabu makosa yote ya binadamu, kinabaki kitu ambacho binadamu hakukifanya: mlima wenyewe, na gesi inayomzidi mtoto kimo.

Uhuru wa nani?

Jibu linalosikika zaidi makanisani ni la uhuru. Agostino, mtakatifu aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa na Mungu. Ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa mwanga, na umeingia kwa sababu viumbe wenye uhuru walichagua vibaya. Mwaka 1974, Mmarekani Alvin Plantinga aliipa hoja hiyo nguvu mpya ili kumjibu Mackie: huenda hata Mungu mwenye uwezo wote hawezi kuumba watu walio huru kweli, kisha awalazimishe kutenda mema daima. Kumlazimisha mtu ni kumnyima uhuru. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba Plantinga alionyesha angalau hili: kuamini Mungu na kukiri kuwa mabaya yapo si kujipinga.

Lakini kinachowezekana kwenye karatasi ni kizito kukibeba katika mji huu. Tarehe 27 mwezi wa kwanza mwaka 2025, siku M23 walipoingia Goma, wafungwa walivunja gereza la Munzenze. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba wanawake wasiopungua 165 waliokuwa wamefungwa mle walibakwa na wafungwa wanaume, na kwamba wengi wao walikufa katika moto uliowaka gerezani.

Mbele ya habari kama hiyo, hoja ya uhuru inapata swali lake: uhuru wa nani? Mwanaume aliyebaka alikuwa na uhuru. Mwanamke nyuma ya mlango uliofungwa hakuwa nao. Kama Mungu anauheshimu uhuru kiasi hicho, kwa nini uhuru wa mwenye nguvu ndio unaoheshimiwa, na wa mnyonge unaachwa uteketee? Wapo wanaojibu kwamba hukumu ipo, duniani au akhera. Huenda. Lakini hukumu inayokuja baadaye haielezi kwa nini jambo liliachwa litendeke.

Mateso kama shule

Jibu la pili linasema mateso yanamjenga mtu. Mwingereza John Hick alilitetea katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya uovu na Mungu wa upendo: dunia ni mahali pa kuzikomaza roho. Kama kusingekuwa na hatari, kusingekuwa na ushujaa. Kama hakuna anayeteseka, hakuna atakayejifunza kuhurumia.

Goma inampa Hick ushahidi. Mwaka 2021, familia za Sake na Minova zilifungua nyumba zao kwa watu wasiowajua. Kila wimbi la wakimbizi limekuta mama fulani akigawa sufuria moja kwa familia mbili. Mtu hawezi kuwatazama vijana wanaosukuma chukudu juu ya mawe ya volkano, wakijenga nyumba kwa mawe yaleyale yaliyobomoa nyumba za wazazi wao, halafu akasema kwamba shida haifundishi kitu.

Lakini shule hii ina wanafunzi ambao hufa kabla ya somo la kwanza. Mwaka 1979, Mmarekani William Rowe alitoa mfano wa mtoto wa paa anayeungua katika moto wa msituni ulioletwa na radi, mbali na macho ya watu, akateseka siku kadhaa kisha akafa. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyejifunza huruma kwake. Anayefahamu mazuku hahitaji kwenda kutafuta msitu wa Rowe. Mbuzi aliyekufa bondeni usiku hakumkomaza yeyote. Na mtoto mchanga wa kambini, hata kama kifo chake kingewafundisha majirani, je, ni haki mtoto mmoja awe chaki ya kuwaandikia wengine somo?

Wapo wanaorudi hapo kwenye msemo wa matanga: akili yetu ni ndogo. Mtoto anayedungwa sindano ya kinga analia, haelewi kwa nini mama yake anaruhusu achomwe. Vivyo hivyo binadamu mbele ya Mungu. Mfano huo ni mzuri, na una ukweli. Rowe aliujibu kwa njia ambayo mzazi yeyote atatambua: mama akimpeleka mtoto kwenye sindano, humpakata, humshika mkono, humwambia "niko hapa". Malalamiko ya wengi wanaoteseka ni kwamba hawasikii sauti hiyo.

Si "kwa nini" tu, bali "nani?"

Katika mila nyingi za Afrika, swali la kwanza halikuwa "kwa nini Mungu aliruhusu?" Mkenya John Mbiti, padri wa Kianglikana na mwanazuoni, aliandika katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba jamii nyingi hazikusema Mungu ndiye aliyeumba uovu. Msiba ukitokea, watu walitafuta mkono uliouleta: mtu, pepo, au marehemu aliyekasirika. Hata Nyiragongo ilikuwa na nafasi yake. Katika masimulizi ya kubandwa ya ukanda wa maziwa makuu, roho za walioingizwa katika dini ya Ryangombe zilikwenda kwenye mlima wa raha, na za wengine zikaishia kwenye moto wa Nyiragongo.

Swali la "nani?" lina faida kubwa. Haliruhusu msiba upite kama mvua. Linataka mtu ajibu. Aliyetia saini, aliyekula pesa za barabara, aliyerusha kombora: tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2024, makombora yalipoanguka kwenye makambi ya Lac Vert na Mugunga na kuua wanawake na watoto, hakuna aliyeweza kusema yametoka mbinguni. Yalirushwa na watu, kutoka mahali fulani, kwa amri ya mtu.

Lakini swali hilo lina sumu yake pia. Asipopatikana mwenye kosa, hutafutwa mnyonge. Kongo inaijua habari hiyo: mtoto yatima, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani, anaitwa mchawi. Ugonjwa wa baba, kufukuzwa kazi, kifo cha mdogo wake, vyote vinawekwa kichwani pake. Anafungiwa kanisani, ananyimwa chakula, mwishowe analala barabarani. Jambo hili lilienea kiasi cha kuingizwa katika Katiba ya nchi ya mwaka 2006, ambayo katika kifungu cha 41 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo.

Hapo ndipo inaonekana kwamba swali la wanafalsafa si mchezo wa watu walioshiba. Jibu baya kwa swali la uovu huzaa uovu mwingine. Pasta anayesema volkano imekuja kwa sababu ya dhambi za mtaa fulani, na mjomba anayesema mtoto ndiye aliyemla baba yake, wote wawili wamekubali kitu kimoja: kwamba lazima maumivu yawe na maelezo leo leo, hata kama maelezo yatamwangukia asiye na kosa.

Haki ya kulia

Kitabu cha Ayubu kinasomwa na Wayahudi na Wakristo, Waislamu wanamheshimu Ayubu kama nabii wa subira, na Waswahili wa pwani walimtungia utenzi. Wengi hukumbuka uvumilivu wake. Wanasahau rafiki zake. Walikuja kumfariji, wakakaa naye kimya siku saba, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipoanza kufungua midomo wakamweleza kwamba lazima kuna kosa alilofanya. Ayubu alikataa, akamlalamikia Mungu kwa maneno makali. Mwisho wa kitabu, Mungu hakumpa Ayubu maelezo ya mateso yake. Lakini aliwakasirikia waliotoa maelezo, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawa.

Padri Emmanuel Katongole, Mganda anayefundisha Marekani, aliandika mwaka 2017 kitabu kizima juu ya kilio na matumaini katika Afrika, na sehemu kubwa inahusu mashariki ya Kongo. Kwake, kulia mbele ya Mungu si kukosa imani. Ni kukataa kuzoea mabaya. Kati ya watu anaowaeleza ni Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyepaza sauti kuwatetea raia na wakimbizi mpaka alipouawa mjini humo tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 1996.

Kä Mana, mwanafalsafa na mwanateolojia Mkongomani aliyefanya kazi na Pole Institute mjini Goma, na aliyefariki mwaka 2021, alishika upande mwingine wa kamba hiyohiyo. Mwaka 1991 alitoa kitabu kilichouliza kama Afrika itakufa. Kazi yake ya miaka iliyofuata ilikuwa kukataa kwamba msiba wa Afrika ni ajali ya kuandikiwa. Alifundisha kujenga upya, kuanzia namna watu wanavyojiona na wanavyofikiri.

Ukiweka hao wawili pamoja, unapata kitu ambacho Goma inaweza kukitumia. Kuna swali linalokwenda juu, kwa Mungu: kwa nini dunia ina mazuku? Hilo linaweza kuulizwa kwa machozi, kwa hasira, kwa sala, na linaweza kubaki bila jibu maisha yote. Na kuna swali linalokwenda kwa watu: nani aliweka kambi pale, nani hakulipa mitambo, nani alifunga mlango wa gereza? Hilo lina majibu, yenye majina na tarehe. Kosa ni kutumia swali moja kulizika lingine. Anayesema "ni mapenzi ya Mungu" mahali palipo na mkosaji amemfanya Mungu mshiriki wa mkosaji. Anayesema "ni makosa ya watu tu" mbele ya mama wa mtoto aliyekufa kwa gesi amemnyima haki yake ya kuuliza.

Kijana wa forodhani

Goma ina mtoto wake mmoja anayejulikana sasa duniani kwa sababu alisimama mahali ambapo maswali hayo mawili yanakutana. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani, maibobo, kurudi shuleni. Alifanya kazi OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na kazi yake ilikuwa kuangalia vyakula vilivyoharibika visivuke mpaka na kuingia sokoni.

Mwaka 2007 alipewa rushwa ili aachie shehena ya chakula kibovu. Alikataa. Tarehe 7 mwezi wa saba alitekwa. Siku mbili baadaye alikutwa amekufa, mwili wake ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri na mfiadini, wakati mji wake ukiwa bado mikononi mwa M23.

Ni rahisi kulifanya tangazo hilo liwe jibu: basi Mungu aliruhusu auawe ili awe mfano. Lakini heshima ya Roma haikumrudisha kijana nyumbani kwao, na hakuna muumini anayelazimika kusema kwamba kifo chake kilikuwa chema. Waliomwua walifanya uovu, na ulibaki uovu.

Jambo lingine kuhusu Floribert linasemwa mara chache. Uovu uliotendeka unaacha makaburi, unaacha hesabu, unaacha swali la "Mungu alikuwa wapi". Uovu uliozuiwa hauachi alama yoyote. Chakula kile kingeingia sokoni, kingepikwa Birere, Majengo na Katindo, na baadhi ya watoto wangeugua, na wengine pengine wangezikwa, na kwenye matanga yao mtu angesimama na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Hakikuingia. Wiki ile mama walipika kama kawaida, watoto wakala, wakalala. Hakuna anayejua majina yao, wala wenyewe hawajui.